Kabla ya kununua kompyuta ya mtumba, soma nambari iliyo baada ya 'i5'

UKIPITA Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi, utakuta masanduku meusi ya kompyuta yamepangwa dukani kama matofali. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mengi yalitumika katika ofisi za ng'ambo, yakastaafishwa, yakapanguswa vumbi na kupewa jina 'ex-UK'. Kwa kijana aliyejinyima miezi kadhaa ili ahariri video, ajifunze kuunda programu au acheze gemu bila kuomba laptopu ya rafiki, akiba yote huishia kwenye sanduku moja kama hilo. Akikosea, hana pesa za lingine.

Maneno ya kwanza utakayosikia ni, "Hii ni Core i5, boss, ni moto." Usitosheke. Core i5 ni jina la ukoo tu. Mwambie aiwashe, ufungue maelezo ya mashine na usome nambari inayofuata kistari. i5-3470 ni ya kizazi cha tatu na ilitoka 2012. i5-6500 ni ya sita. i5-8500 ni ya nane, ilitoka 2018, na ina koa sita badala ya nne. Nambari ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha kumi.

Kwa nini uhangaike na vizazi? Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hivyo OptiPlex 7050, yenye kizazi cha sita au saba, iko upande mmoja wa mstari, na OptiPlex 7060 iko upande mwingine. Kwa macho zinafanana kama pacha.

Kuna ujanja wa kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine nzee. Itawaka vizuri na utafurahi. Lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeingia benki na M-Pesa kwenye mashine hiyo hiyo. Kama bajeti yako inaishia kizazi cha nne au cha sita, nunua kwa bei inayolingana na umri wake, kisha uweke Linux Mint. Ni ya bure, na kwa anayejifunza kuunda programu inatosha kabisa.

Sasa umeinunua na inajikokota. Watu wengi hukimbilia RAM. Mimi ningeanza na diski. Ikiwa ndani bado mna hadi diski ya kuzunguka, itoe uweke SSD. Hata ile ya SATA, ya bei nafuu, husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na muhimu zaidi, haisubiri sindano itafute faili. Hakuna badiliko lingine utakalolihisi haraka hivyo. RAM ifuate: gigabaiti 8 ndiyo chini kabisa, 16 kwa mhariri wa video. Angalia kama mashine inatumia DDR3 au DDR4, maana pengo la katikati haliko mahali pamoja na haziingiliani hata ukisukuma. Vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma vyote kwa pamoja.

Wacheza gemu ndio huumia zaidi. Sanduku jembamba linapendeza mezani, lakini pawasaplai yake mara nyingi ni ya wati 180 au 200, haina waya wa kulisha kadi ya grafiki, na umbo lake si la kawaida, hivyo huwezi kununua nyingine yoyote tu ukaichomeka. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, basi. Utabaki kutafuta kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 ya umbo dogo, ambayo aghalabu huuzwa ghali kuliko ile ndefu. Ukijua gemu ndiyo nia yako, chukua sanduku refu tangu mwanzo.

Prosesa nayo isikudanganye. Kizazi cha sita na cha nane vyote hukaa kwenye soketi iitwayo LGA 1151, lakini i5-8500 haitafanya kazi kwenye mazabodi ya i5-6500.

Ikigoma kuwaka skrini, usikimbilie kwa fundi. Kwanza hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi ya grafiki, kama unayo, si kwenye mazabodi. Kisha chomoa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa na uirudishe hadi isikike 'tak'. Jaribu kipande kimoja kimoja. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, na tovuti zinakataa kufunguka, ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ikizima yenyewe katikati ya kazi, mara nyingi ni joto: vumbi limeziba feni, au ile dawa ya kijivu iliyo juu ya prosesa imekauka. Pawasaplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki umeme. Nyingine za zamani zina swichi nyekundu nyuma. Isome kabla ya kuwasha. Ikiwa kwenye 115 na stima yetu ni 240, utasikia mlio mmoja tu.

Kabla ya kutoka dukani, risiti iandikwe modeli kamili, nambari ya prosesa, ukubwa wa RAM na diski, pamoja na siku za warantii. 'Desktop i5' pekee haitoshi ukirudi Jumatatu kulalamika.