MTIKITI NA CHUMVI YA ARDHI

Mkulima wa pwani, huenda umekwisha kuliona jambo hili shambani mwako. Umepanda mbegu njema za matikiti, umenyunyiza maji asubuhi na jioni, na udongo umelowa. Walakini miche imelala kama isiyonyweshwa. Ukazidi kuipa maji ya kisima kile kile, nayo ikazidi kudhoofu. Watu wengine husema ni husuda ya jirani, wengine humlaumu aliyewauzia mbegu. Lakini mara nyingi sababu ni chumvi, na maji uliyoyaongeza ndiyo yaliyoileta.

CHUMVI HUTOKA WAPI

Penye mito, kama Pangani, mto upungukapo maji ya bahari hupanda nayo hufika hata mashambani. Penye visima, yafaa ujue ya kwamba maji matamu ya mvua huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta yaeleavyo juu ya maji. Kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kadiri ya futi 40 chini ya usawa huo. Basi ukiteka mno hata maji ya kisima yakashuka, maji ya chumvi hupanda kwa kipimo kikubwa kuliko kile ulichoteka. Kwa sababu hii kisima kitamu huharibika wakati wa kiangazi.

Tena liko jua. Jua huchukua maji na kuiacha chumvi, kama ufanyavyo mashimo ya chumvi ya ufuoni. Maji unayonyunyiza kidogo kidogo hukauka juu ya ardhi, na kila siku huacha sehemu yake ya chumvi, hata mwisho udongo huonekana mweupe.

JINSI IUMIZAVYO

Umepata kuona embe bichi lililokatwa na kutiwa chumvi: maji yake hutoka nje. Mizizi nayo hali yake ni hiyo. Chumvi iliyo katika udongo huyazuia maji yasiingie mzizini, na mmea huona kiu hali umesimama katika tope. Hiyo ni dhara ya kwanza.

Dhara ya pili, chumvi huingia ndani ya mmea na kukusanyika katika majani. Majani ya zamani huanza kuungua kingo zake, kisha hukauka. Dhara ya tatu, chumvi huuzuia mmea usipate vyakula vingine vilivyomo udongoni, hasa potashi na chokaa.

JINSI MTIKITI UJITETEAVYO

Mtikiti haukubali kufa upesi. Kwanza hufunga vitundu vidogo vya majani yake ili maji yasitoke. Walakini hewa inayoulisha huingia kwa vitundu vivyo hivyo, basi mmea hudumaa, na majani huwa madogo yenye rangi nzito. Pili, hujaribu kuizuia chumvi katika mizizi na majani ya zamani, ili majani machanga yasalimike. Tatu, huongeza sukari na vitu vingine katika utomvu wake, upate nguvu ya kuvuta maji. Kwa hiyo matikiti ya shamba lenye chumvi kidogo huweza kuwa matamu zaidi. Usidanganyike kwa utamu huo: matunda ni madogo, na mazao yamepungua.

Mmea uliokwisha kutambaa huweza kustahimili kuliko mche. Hasara kubwa huwa katika siku za kuota.

LA KUFANYA

1. Yapime maji kabla ya kupanda. Tia vijiko 3 vya chai vya chumvi, visivyo vya kufurika, katika debe 1 la maji ya mvua, ukoroge, uonje. Kisha onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi kama hayo au zaidi, jua ya kwamba yatapunguza matikiti yako. Tena panda mbegu 20 katika chungu kimoja kwa maji ya mvua, na 20 katika kingine kwa maji ya kisima, uhesabu zitakazoota.

2. Weka akiba ya maji matamu kwa ajili ya miche. Ikiwa ni machache, uipe miche kwanza, nayo mitikiti iliyokwisha kutambaa uipe ya kisima.

3. Ukilima matuta, usipande juu kileleni, kwa maana chumvi hupanda na kukaa huko. Panda ubavuni mwa tuta.

4. Usinyunyize kidogo kidogo. Mwagilia kwa wingi kwa siku zake, hata maji yapite chini ya mizizi na kuichukua chumvi, wala usiache udongo ukauke kabisa. Hapana budi uwe na mfereji wa kuyatolea. Maji yenye chumvi usiyamwage juu ya majani.

5. Funika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisiukaushe. Tia samadi iliyooza sawasawa. Usitie majivu, maana nayo yana chumvi zake.

6. Mkulima mwenye mkono mwepesi aweza kubebesha mche wa mtikiti juu ya shina la maboga. Mizizi ya maboga huizuia chumvi isipande katika majani. Wajapani walianza kubebesha tikiti maji juu ya mmumunye katika miaka ya 1920, nao walikuwa wakikimbia ugonjwa wa udongo. Lakini kazi hii imeonekana kufaa hata penye chumvi.

7. Ikiwa mbegu hazioti katika chungu cha maji ya kisima, usipoteze mbegu zako mahali hapo. Panda mtama, pamba au minazi, ambayo huvumilia chumvi kuliko mtikiti.

Mkulima, usibadilishe shamba zima kwa mara moja. Chukua tuta 2 msimu huu, moja ulilime kwa desturi yako, la pili kama ulivyoelezwa hapa, na siku ya kuvuna uyapime matikiti ya kila tuta mbele ya watu wa nyumbani kwako. Ndipo utajua shamba lako lataka nini.