Feni ya Bafuni na Fundi Wake: Kinachonunuliwa ni Njia ya Hewa

Bafu huwa chumba kidogo kuliko vyote nyumbani, lakini ndicho kinachozalisha mvuke mwingi zaidi, na katika miji ya mwambao kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ya nje yenyewe hubeba unyevunyevu karibu mwaka mzima, mvuke huo hauondoki kwa urahisi. Ukigusa ukuta au dari yenye ubaridi hugeuka matone, matone huloweka rangi na plasta, na mahali palipokaa na unyevu siku kadhaa huota kuvu, yaani viumbe vidogo vya jamii ya uyoga vinavyoonekana kama madoa meusi au ya kijani, ambavyo vijimbegu vyake huelea hewani na kuwasumbua hasa watoto na watu wenye pumu.

Zamani tatizo hili lilitatuliwa kwa namna ya kujenga tu: bafu liliwekwa uani, ukuta wake ukaachiwa matofali ya matundu karibu na paa, na upepo ukafanya kazi yake bila malipo. Katika majengo ya ghorofa ya mijini bafu huweza kuwa katikati ya nyumba, mbali na ukuta wa nje, bila dirisha lolote, na hapo ndipo inapohitajika feni ya kutolea hewa, ambayo wauzaji na mafundi huiita ekzosti. Feni hiyo haipulizi hewa ndani kama pangaboi. Huivuta hewa yenye mvuke na harufu na kuisukuma nje ya jengo.

Mwenye nyumba anayekwenda dukani mara nyingi hudhani kwamba ananunua mashine, kumbe anachokihitaji ni njia kamili ya hewa, yenye mahali pa kuingilia, chombo cha kusukuma na mahali pa kutokea, na sehemu moja ikikosekana mbili zilizobaki huwa hazina faida. Kanuni hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Choo cha shimo kilichoboreshwa, ambacho kilibuniwa katika miaka ya 1970 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kina bomba refu lililosimama kutoka shimoni hadi juu ya paa. Upepo unaopita kwenye mdomo wa bomba huvuta hewa chafu kwenda juu, huku hewa safi ikiingia kupitia kibandani na kushuka kwenye tundu. Feni ya bafuni hufuata mantiki hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba mota imechukua nafasi ya upepo. Kwa sababu hiyo mlango wa bafu unaogusa sakafu huinyima feni hewa ya kuvuta, na nafasi ya milimita 10 hivi chini ya mlango hutosha kuondoa kasoro hiyo.

Ukubwa wa feni nao hupatikana kwa hesabu, wala si kwa kukisia. Bafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.7 lina ujazo wa mita za ujazo 8.1, na hewa yake ikitakiwa kubadilishwa mara nane kwa saa, kiwango ambacho mafundi wengi hukitumia kwa mabafu, feni italazimika kutoa takribani mita za ujazo 65 kila saa. Feni ya inchi 4, ambayo ndiyo ndogo inayopatikana kwa wingi madukani, huandikwa uwezo wa kati ya mita za ujazo 80 na 100 kwa saa, lakini uwezo huo hupungua bomba linapokuwa refu au lenye kona nyingi. Gharama ya umeme haina haja ya kumtisha mtu, kwani feni ya wati 20 inayowashwa saa moja kila siku hutumia uniti 0.6 tu kwa mwezi.

Fundi wa kazi hii huanza kutambulika kabla hajafungua mfuko wake wa vifaa. Anayejua kazi huuliza hewa itatokea wapi, ukuta wa nje uko upande gani, juu ya dari kuna nini, na swichi ya taa inapata umeme kutoka saketi ipi. Asiyejua hutoboa dari ya jipsamu, hubandika feni na kuondoka, akiuacha mvuke wote umwagike katika nafasi iliyo kati ya dari na paa, ambako hulowesha mbao, huozesha kenchi kidogokidogo na mwishowe huiangusha dari yenyewe. Bomba lazima lifike nje kabisa, likiinama kidogo kuelekea huko ili maji yanayojikusanya ndani yake yasirudi kwenye mota. Mdomo wake uwe na vibati vinavyofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga feni inapozimwa, kwa kuwa mwambaoni upepo wa kaskazi na wa kusi hupokezana kwa majira, na mdomo ulioachwa wazi utapokea mvua ya masika, mende na ndege wanaotafuta pa kujenga viota. Katika jengo ambalo nyumba kadhaa hutumia mkondo mmoja wa hewa, kilango cha kuzuia hewa kurudi ni cha lazima, la sivyo harufu ya jirani itahamia kwa mwenzake.

Jambo lisilovumilia mzaha hata kidogo ni umeme, kwa sababu mwili uliolowa hupitisha mkondo kwa urahisi kuliko mwili mkavu, na umeme wa majumbani wa volti 230 unaua. Nchini Tanzania kazi ya kufunga mitambo ya umeme iko chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na leseni za mafundi hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, maarufu kama EWURA. Nchini Kenya jukumu hilo ni la Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Kumwomba fundi aonyeshe leseni yake si kumdharau, na fundi aliyeihangaikia huionyesha kwa fahari. Cheti cha chuo cha ufundi, kama vile cha VETA nchini Tanzania, huonyesha kwamba amefundishwa, ingawa hakichukui nafasi ya leseni.

Ukiacha karatasi, yapo mambo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuyaona kwa macho yake. Fundi makini huzima umeme kwenye saketi breka, kisha hupima kwa mita kuhakikisha kwamba nyaya hazina umeme, badala ya kuamini kwamba kuzima swichi kunatosha. Swichi huiweka nje ya bafu, na hukata kwayo waya wenye umeme, wala si nyutro. Karibu na shawa huchagua feni yenye alama ya IPX4, maana yake ni kwamba inahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote. Waya wa ardhi huuunga pale feni inapouhitaji. Feni yenye alama ya mraba ndani ya mraba imekingwa maradufu na haihitaji waya huo. Atashauri pia kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata mara tofauti inapofikia miliampia 30, kabla mshtuko haujawa mauti.

Kwa upande wa matengenezo, si kila feni iliyosimama imekufa, na mwenye nyumba anayezijua dalili hawezi kuuziwa mpya bila sababu. Feni inayonguruma bila kuzunguka huenda imekwama kwa vumbi, au kapasita yake, yaani kifaa kinachohifadhi chaji na kuipa mota nguvu ya kuanza, imechoka, na kubadilisha kapasita ni kazi ndogo. Inayokwaruza imekauka au imelika bushi ama beringi. Inayozunguka vizuri bila kutoa hewa haina ugonjwa wowote, bali bomba limeziba au vibati vimeganda. Inayonuka moshi imeungua koili, na kwa feni ndogo kununua nyingine huwa nafuu kuliko kusuka waya upya.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye kipande cha daftari, yakitenganisha bei ya vifaa na ujira wa fundi, na kutaja nani atalipa iwapo tofali litavunjika au dari itapasuka. Fundi apewe fedha za vifaa kwa risiti na sehemu ya ujira wake mwanzoni, kwa kuwa naye ana nauli na familia; sehemu iliyobaki ingoje jaribio moja lisilo na gharama. Mlango wa bafu ufungwe, feni iwashwe, na karatasi laini ya chooni isogezwe kwenye kava la feni: ikivutwa na kung'ang'ania hapo, hewa imepata njia, na fundi amestahili kulipwa fedha zake zote siku hiyohiyo. Ikianguka sakafuni, kazi bado haijaisha, hata kama mashine inazunguka kwa kasi na kava lake jeupe linapendeza.