Uviko-19 na Uokoaji wa Waliojaribu Kujiua

Uzito wa jaribio la kujiua hupimwa kwa mambo mawili: hatari aliyojitia mhusika, na nafasi aliyobaki nayo ya kuokolewa. Kipimo hicho kilibuniwa na Weisman na Worden wa Marekani mwaka 1972. Watu wawili waliojidhuru sawasawa wanaweza kuishia tofauti kabisa, kwa sababu mmoja aliwahiwa na jirani na mwingine alikuwa peke yake.

Janga la Uviko-19 liligusa mambo yote mawili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Hata hivyo, majaribio ya kujiua hayakupanda kila mahali. Nchini Ufaransa, waliolazwa kwa kujidhuru kati ya Januari na Agosti 2020 walipungua kwa asilimia 8.5 wakilinganishwa na mwaka uliotangulia, lakini waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi na waliofia hospitalini waliongezeka. Japani, vifo vya kujiua vilipungua mwanzoni, kisha vikapanda kuanzia Julai 2020, hasa miongoni mwa wanawake.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 tarehe 16 Machi 2020, na shule zikafungwa hadi Juni. Watu hawakufungiwa majumbani kama Ufaransa. Lakini kwa vijiji vya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kikwazo cha uokoaji kilikuwapo hata kabla ya janga, nacho ni umbali. Anayeokolewa kijijini hupita mikononi mwa wengi: ndugu aliyemkuta, dereva wa bodaboda anayempakia usiku kwenye barabara ya vumbi, tabibu wa zahanati, kisha hospitali kama Magunga mjini Korogwe. Mmoja wao akisita, iwe kwa kuogopa maambukizi au kwa kukosa nauli, hatari huongezeka.

Hofu nyingine hutoka kwenye sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia inayoogopa polisi huweza kumficha mgonjwa badala ya kumkimbiza hospitali. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu kama hicho kinakiuka Katiba.

Katika maeneo ya wakulima, hatua mojawapo ya kuzuia kujiua kwa sumu ni kuweka viuatilifu mbali na makazi, kwenye sanduku lenye kufuli. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua mno katika miongo iliyofuata. Mtu akishameza sumu, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo yake.

Baada ya kuokolewa, mhusika huhitaji matibabu ya akili na kufuatiliwa nyumbani. Korogwe ina Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara, chini ya Kanisa la Kilutheri, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Anayesema amechoka kuishi asikemewe wala asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asikilizwe, na asindikizwe zahanati au hospitali siku hiyohiyo.