Flashi imerudi na virusi kutoka steshenari? Linda kompyuta yako ya nyumbani hivi

Chukua mfano huu. Uko Hombolo, Dodoma, unasoma Chuo cha Serikali za Mitaa. Kesho asubuhi unatakiwa kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Printa huna, kwa hiyo unabeba flashi hadi steshenari, unaprinti kurasa chache, unarudi geto.

Unachomeka ile flashi kwenye kompyuta yako. Mafolda yote yana kamshale kadogo pembeni. Unabofya moja. Kuanzia hapo kompyuta inakuwa nzito na matangazo ya kamari yanajitokeza yenyewe.

Fundi yupo mjini, usiku umeingia, ripoti ni kesho. Utafanyaje?

Hii haina maana kwamba mwenye steshenari ni mtu mbaya. Kompyuta yake inachomekwa flashi za watu wengi kila siku. Flashi moja yenye kirusi inatosha kuambukiza nyingine zote. Kinga inabidi ianzie kwako nyumbani. Hatua hizi ni za kompyuta zenye Windows, na hazihitaji kununua programu yoyote.

1. Usitumie akaunti ya mkubwa kila siku

Hili ndilo watu wengi hawalijui. Programu ikifunguka, inapata nguvu ya akaunti uliyoingia nayo. Kama wewe ni "Administrator", kirusi ulichokibofya kwa bahati mbaya kiko karibu sana na funguo za nyumba nzima: kusakinisha programu nyingine, kubadili mipangilio ya mfumo, hata kuzima ulinzi.

Fungua Settings, ingia Accounts, kisha sehemu ya kuongeza watumiaji wengine. Tengeneza akaunti mpya, ipe cheo cha Administrator na paswedi ngumu. Ingia nayo kwanza uhakikishe inafanya kazi. Baada ya hapo ndipo uishushe akaunti yako ya kila siku iwe "Standard User". Usianze kwa kushusha yako, utajifungia nje.

Kuanzia hapo, kitu kikitaka kugusa mfumo, dirisha litatokea kuomba paswedi ya mkubwa. Kama hukuwa unasakinisha chochote, kataa. Hapo umekizuia kirusi mlangoni.

2. Flashi ikitoka nje, ikague kabla ya kuifungua

Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuiskani kwa Microsoft Defender. Ulinzi huu upo tayari ndani ya Windows 10 na 11, na ni bure.

Ukiona mafolda yana mshale, usibofye hata moja. Mara nyingi mafaili yako hayajafutika, yamefichwa tu. Skani kwanza, kisha nenda View uwashe "Hidden items" uyaone.

Pia washa "File name extensions" hapohapo kwenye View. Faili la Word huishia na docx. Ukikuta faili linajiita ripoti lakini linaishia na exe, hiyo ni programu, siyo ripoti. Usiifungue.

Njia nyingine rahisi: geuza kazi yako iwe PDF, itume kwa barua pepe ya steshenari ukitumia simu yako. Flashi inabaki nyumbani.

3. Ogopa programu za "bure" zinazokuambia uzime ulinzi

Unatafuta Office ya bure au kifaa cha kuamsha Windows bila kulipia. Maelekezo yanasema: "Zima antivirusi kwanza." Hapo simama. Ni sawa na mgeni anayekuambia umfunge mbwa kabla hajaingia uani. Kama kazi yako ni kuandika tu, LibreOffice ni ya bure kihalali, na inafungua mafaili ya Word.

4. Sasisho siyo adui wa bando lako

Wengi tunazima masasisho ili kuokoa bando. Kumbuka Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Microsoft ilishatoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakusasisha.

Bando likiwa dogo, ahirisha kwa siku chache mpaka upate mtandao mzuri, lakini usizime moja kwa moja. Na kama bado unatumia Windows 10, fahamu kwamba huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako inaiweza Windows 11, hamia huko.

5. Weka nakala, tena mahali pawili

Tuseme ukweli: akaunti ndogo inalinda mfumo, hailindi ripoti yako. Faili ambalo wewe unaweza kulifuta, kirusi ulichokifungua nacho kinaweza kulifuta. Kinachoiokoa ripoti ni nakala.

Weka moja Google Drive, ambako unapata GB 15 za bure. Weka nyingine kwenye flashi ya pili isiyokwenda steshenari kabisa, na ichomoe ukimaliza. Nakala iliyochomekwa muda wote inaambukizwa pamoja na kompyuta.

Vilevile andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafuta, washa ulinzi wa diski C. Mipangilio ikivurugwa, unaweza kuurudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma. Lakini hii hairudishi mafaili yako, ndiyo maana nakala ni lazima.

Kama kirusi kimeshaingia

Zima intaneti. Fungua Windows Security, chagua "Microsoft Defender Offline scan". Hifadhi kazi yako kwanza, maana kompyuta itajizima na kuwaka ili isafishe kabla Windows haijaanza. Kisha tumia kifaa kingine, kama simu yako, kubadili paswedi za barua pepe na akaunti zako muhimu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingilia kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Lakini hakuna hukumu itakayokurudishia ripoti usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fanya mawili tu: weka nakala ya kazi yako, na shusha akaunti yako ya kila siku. Mengine utamalizia kesho.