Koili haina namba? Ipime kwa simu na multimita
Umechomoa koili kwenye redio mbovu, haina maandishi yoyote. Ukiifunga kwa kubahatisha kwenye chujio la spika, sauti itaharibika. Basi, iunge mfululizo na rezista ya omu 100, kisha zipitishie toni kutoka kwenye simu. Pandisha frikwensi mpaka volti za koili na za rezista zilingane. Hapo L = R ÷ (2πf). Zikilingana kwenye Hz 1,600, una milihenri 10 hivi.

Lakini si multimita za bei chee hukosea frikwensi ikipanda? Ndiyo, ila inakosea sawasawa pande zote mbili, na wewe unalinganisha tu. Cha kuangalia ni ukinzani wa waya wa koili: usipozidi omu 10, kosa halifiki asilimia 1.