Somo la mawasiliano ya uuzaji lawatoa jasho wanafunzi eneo la Mlima Kenya

MWANAFUNZI wa biashara anayesomea Nyeri au Karatina hufunzwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kumshawishi mkulima anayejadili bei ya mbolea kwa Kikuyu. Pengo hilo huwatatiza wengi wanaochukua somo la mawasiliano ya uuzaji, pengine kuliko nadharia zenyewe.

Somo hilo huhusu njia ambazo kampuni hutumia kuzungumza na wateja: matangazo ya kulipiwa, uhusiano mwema na umma, vivutio vya bei, uuzaji wa ana kwa ana na ujumbe wa moja kwa moja kwa mnunuzi. Wazo kwamba njia hizo zote zinafaa kubeba kauli moja lilipata nguvu mapema miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kupitia msomi Don Schultz.

Zamani vijana wengi wa eneo hili walilazimika kwenda mbali kutafuta shahada. Hali ilibadilika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilipopata hadhi kamili mwaka wa 2012, na kile cha Karatina mwaka wa 2013. Faida moja ya kusomea hapa ni soko la Karatina. Muuzaji viazi akishajaza gorogoro, huongeza viwili vitatu juu. Kitabu huita hicho kivutio cha mauzo. Yeye hukiita nyongeza, na hahitaji mhadhiri kumweleza kwamba mteja atarudi.

Kibarua kigumu huja wakati wa kuandika tangazo. Tangu Kameme FM ianze kupeperusha matangazo mwaka wa 2000, redio za Kikuyu zimekuwa njia muhimu ya kuwafikia wakazi wa eneo hili. Mzaha uliopendeza darasani kwa Kiingereza hufa ukitafsiriwa, na mwanafunzi hulazimika kuanza upya, akifikiri katika lugha ya msikilizaji. Aghalabu anayeimudu lugha hiyo ndiye huachiwa kazi ya kundi zima, ingawa alama hugawanywa sawa.

Aidha, kuna sheria. Kundi linalokusanya nambari za simu sokoni ili kutuma ujumbe wa mauzo linafaa kwanza kupata idhini ya wenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Lakini hakuna bidhaa inayodhihirisha ugumu wa somo hili kama kahawa. Jina la Nyeri huchapishwa kwenye pakiti zinazouzwa Ulaya na Marekani, na wanywaji wa huko hulilipia ghali. Nyumbani, mkulima aliyeichuma kahawa hiyo kwa kawaida hunywa chai. Mwanawe anapoagizwa chuoni kuandaa mpango wa kuitangaza, hutakiwa kumwandikia mnunuzi ambaye hajawahi kumwona, kuhusu ladha ambayo huenda yeye mwenyewe hajaizoea. Isitoshe, sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje kabla ya kukaangwa, hivyo maneno yaliyo kwenye pakiti, pamoja na malipo ya kuyaandika, huwa ya mkaangaji wa ng'ambo.