Ungo wa Maji katika Kinu cha Dhahabu

Mkulima ana vyombo viwili vya kutenganisha nafaka: chekeche na ungo. Chekeche hupima ukubwa. Punje ipitayo tunduni hupita, isiyopita hubaki. Ungo hufanya kazi nyingine. Mpepetaji hurusha mpunga hewani, na upepo huchukua kile kinachochelewa kuanguka. Kapi huenda zake hata likiwa pana kuliko punje ya mchele.

Msomaji na aikumbuke tofauti hiyo, kwani inatawala kazi kubwa katika migodi ya dhahabu, kama ule wa Geita. Mawe ya mbale husagwa pamoja na maji katika vinu vikubwa vya chuma hadi yawe tope. Chembe zikibaki kubwa, dhahabu iliyojificha ndani yake haifikiwi na sianidi, nayo hutupwa pamoja na marudio. Zikisagwa kupita kiasi, umeme hupotea bure. Na katika kiwanda cha kuchenjua, kusaga ndiko kunakokula umeme mwingi zaidi. Basi lazima pawepo kitu cha kuamua: hii yatosha, ile irudi kinuni.

Kwa nini lisitumike chekeche? Kwa sababu chembe zinazotakiwa mara nyingi hazifiki hata milimita 0.1, na matundu madogo namna hiyo huziba na kulika upesi. Hivyo maji hufanywa ungo.

Kanuni yake ilielezwa na George Gabriel Stokes wa Cambridge katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1851. Chembe ndogo inayozama polepole huenda kwa kasi inayolingana na mraba wa kipenyo chake, na pia na kiasi ambacho densiti yake inazidi ile ya maji. Chembe ya kwatsi yenye kipenyo cha milimita 0.05 huzama kiasi cha milimita 2.2 kwa sekunde. Ikiwa ya milimita 0.01, kasi hupungua mara 25. Katika kina cha mita moja, ya kwanza hufika chini kwa muda wa dakika saba na nusu hivi, ya pili kwa saa tatu. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa chupa ndefu ya kioo, mchanga na udongo wa mfinyanzi: akoroge, asubiri kidogo, kisha amimine maji machafu polepole. Mchanga utabaki chupani.

Mwaka 1904 huko South Dakota, Marekani, John Dorr aliunda birika la mteremko lenye reki za kukokota mchanga uliozama, huku maji yenye chembe laini yakifurika upande wa chini. Lakini birika hutegemea uzito wa kawaida tu, nalo huhitaji nafasi kubwa. Saikloni ya maji, ambayo hataza yake ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1891, ilienea migodini baada ya Vita Kuu ya Pili. Ni pia iliyosimama juu ya ncha yake, isiyo na kipande chochote kinachozunguka. Tope husukumwa ndani kwa pampu kupitia ubavuni na kuzunguka kwa nguvu. Chembe nzito hutupwa ukutani, zikashuka na kutokea nchani, zikarudi kinuni. Laini hubebwa na maji ya katikati na kutokea juu.

Hapa ndipo ungo unapodanganya. Densiti ya kwatsi ni 2.65, ya dhahabu 19.3. Kwa kanuni ya Stokes, chembe ya dhahabu ya milimita 0.015 huzama sawa na kwatsi ya milimita 0.05. Saikloni haioni tofauti: dhahabu iliyokwisha kuachana na jiwe hurudishwa kinuni mara kwa mara, ikapondwapondwa kuwa vibapa. Ndiyo sababu migodi mingi yenye dhahabu ya namna hiyo huchepusha sehemu ya tope litokalo nchani mwa saikloni na kulipitisha katika bakuli linalozunguka kwa kasi, ili dhahabu inaswe kabla ya kurudi kinuni.